Pilau ya Idd Inasingiziwa

Kila ikikaribia sikukuu, redio zetu hupata ajenda moja. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, au Desemba ikifika katikati, daktari anaitwa studio, anaulizwa maswali yale yale na anajibu yale yale: punguzeni nyama, punguzeni mafuta, pombe isizidi, kunyweni maji. Wasikilizaji wanaitikia. Siku yenyewe ikifika, masufuria yanabandikwa kama kawaida na mbuzi anaangushwa. Baada ya wiki daktari kesharudi wodini, nasi tumerudi kwenye supu ya asubuhi na chipsi za jioni, na hakuna kipindi kinachouliza lolote juu ya hizo.

Ushauri ule ni mzuri, lakini naona umepelekwa kwa siku isiyohusika. Sahani moja ya pilau ya Idd haimpi mtu presha, wala ndafu ya Krismasi, yule mbuzi mzima wa kuchoma, haizibi mshipa wa moyo kwa mchana mmoja. Mishipa inaharibika polepole, miaka kumi, miaka ishirini, kwa mambo tunayoyafanya Jumatatu na Jumanne bila kuyafikiria. Tukiendelea kuilaumu sikukuu, Jumatatu inapita bila kuguswa.

Hata hivyo sikukuu nazo zina lao, na hili lazima lisemwe. Watafiti wa Uswidi walipitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 280,000 waliopata shambulio la moyo kati ya 1998 na 2013. Mkesha wa Krismasi, ambao kwao ndiyo sikukuu kubwa, ulikuwa na ongezeko la asilimia 37, na kilele kilikuwa kama saa 4 usiku. Huko Marekani, utafiti wa 2004 ulionyesha kwamba vifo vya moyo hufikia kilele karibu na Krismasi na Mwaka Mpya. Tena tangu 1978 madaktari wa huko huko walishaandika kuhusu watu ambao mapigo yao ya moyo huvurugika baada ya kunywa kupita kiasi wikiendi na sikukuu, wakiwemo wasiokuwa na ugonjwa wowote wa moyo unaojulikana.

Lakini soma vizuri hizo takwimu za Uswidi. Walioumia zaidi walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 75, na watu ambao tayari walikuwa na kisukari au ugonjwa wa mishipa ya moyo. Sikukuu ilikuwa kiberiti tu. Petroli ilishamwagwa zamani.

Ilimwagwa lini? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua limetoka huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari mmoja wa kikoloni, Donnison, aliandika katika jarida la Lancet juu ya wanaume wapatao 1,000 aliowapima Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Presha yao haikuwa ikipanda uzeeni kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Miaka sitini baadaye, 1990, kikundi cha watafiti wa Kenya na Uingereza kilitoa matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Victoria kwenda kutafuta maisha Nairobi. Haikuchukua miaka. Ndani ya miezi michache tu ya kukaa mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki kijijini. Walipopima mkojo, sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ile tunayoipata kwenye mboga, ndizi na maharage, ilikuwa imepungua ukilinganisha nayo. Uzito nao ulikuwa umepanda, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi.

Watu walikuwa wale wale, wa kabila lile lile na damu ile ile. Kilichobadilika ni chakula cha kila siku na maisha ya kila siku. Kila ninapomsikia mtu akisema presha ni ya ukoo, basi imekwisha hiyo, huwa nawakumbuka wale vijana wa Nairobi. Ukoo una nafasi yake, sikatai. Ila ukoo haukuhama na kubadilika ndani ya msimu mmoja.

Sasa tazama siku ya kawaida ya mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Asubuhi ni supu, ya kongoro au ya mbuzi, na chapati mbili. Mezani kuna kichupa cha plastiki kilichotobolewa kifuniko kwa msumari, chumvi imo ndani, na mteja anaitikisa juu ya bakuli kabla hajaonja. Supu ile ilishatiwa chumvi jikoni. Anaongeza kwa mazoea ya mkono. Mchana ni wali kwa mama ntilie, na mchuzi umekolezwa kwa chumvi na unga wa mchuzi wa pakiti ambao sehemu yake kubwa ni chumvi pia. Jioni simama kidogo kwenye banda la chipsi. Muuzaji anaepua, anamwaga kwenye sinia, ananyunyiza chumvi wakati bado zina mafuta ili ishike. Anaweka kwenye sahani, anaongeza kachumbari yenye chumvi yake, anamimina tomato yenye chumvi yake, halafu anauliza kwa heshima zote: "Chumvi niongeze, bosi?" Na bosi anajibu: "Weka." Njiani kurudi nyumbani kuna muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati na kupakwa chumvi na pilipili, au embe bichi la namna hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena kwa kujumlisha yote: ya jikoni, ya mezani, ya kwenye mkate na ya muhogo. Wastani wa dunia, kwa hesabu zao za 2023, ni gramu 10.8. Mteja wetu wa supu na chipsi sidhani kama anaufikisha mchana kabla kijiko chake hakijaisha.

Kisha kuna hii ya pilau yenyewe. Wazee wa Pwani pilau walikuwa wakiijua kwa tarehe: Idd mbili, Maulidi, harusi, basi. Nyama nayo bara ilikuwa na siku zake, na aliyechinja alijulikana kijiji kizima. Leo pilau ni chakula cha Ijumaa kantini, na Jumamosi ni ukumbini. Hesabu shughuli za mwaka mmoja wa mtu wa mjini mwenye ndugu na wafanyakazi wenzake: kitchen party, send-off, harusi, kipaimara, ubarikio, hitima, arobaini, mahafali ya chekechea (siku hizi na hayo yana keki na ukumbi). Na kwa kuwa harusi hazifungwi Ramadhani wala Kwaresima, zinarundikana miezi iliyobaki. Mtu aliyeingia kamati tatu anakula chakula cha harusi kila wiki, na kwa kuwa amelipa mchango, anahakikisha sahani inarudisha hela yake.

Zamani sikukuu ilikuwa na uzio, na uzio wenyewe ulikuwa mfungo. Idd inakuja baada ya mwezi mzima wa swaumu, na baada yake kuna swaumu ya siku sita za mwezi wa Shawwal kwa anayetaka. Pasaka inatanguliwa na siku arobaini za Kwaresima. Hata nyama ya Idd el-Haj mazoea yake ni kuigawa mafungu matatu, ya nyumbani, ya jamaa na majirani, na ya maskini, kiasi kwamba aliyechinja mbuzi mzima habaki na mbuzi mzima. Waliotuwekea utaratibu huo hawakuwa na mashine ya kupimia presha, lakini mwili ulikuwa ukipumzishwa. Sisi tumeitunza karamu, tena tumeiongezea muziki, na mfungo tumeufanya uwe mwezi wa kula usiku.

Na mfungo wenyewe, ukifungwa vizuri, unasaidia. Mwaka 2019 watafiti wa London waliwapima Waislamu 85 wa huko kabla na baada ya Ramadhani, wakakuta ile namba ya juu ya presha imeshuka kwa wastani wa kama 7 na ya chini kwa zaidi ya 3. Ni utafiti mdogo, na Waislamu wa London si wa Tandika wala Kisauni. Lakini unatosha kuonyesha kwamba swaumu si adui wa moyo kwa watu wengi. Shida yetu iko kwenye meza ya kufuturu. Futari ya asili ya Pwani haina tatizo kubwa: tende, uji wa mtama wenye pilipili manga, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, maharage. Kilichoingia baadaye na kujazana juu yake ni kila kinachozama kwenye karai la mafuta: sambusa, bajia, katlesi, kaimati zilizomwagiwa shira, na juisi ya unga wa pakiti ya kushushia. Usiku wa manane daku inakuwa wali uliobaki na papa mkavu ambaye hakulowekwa vya kutosha. Ikifika alasiri mtu analalamika kiu imemshinda, kumbe kiu hiyo ameipika mwenyewe saa 10 alfajiri. Papa na ng'onda walowekwe, maji yamwagwe, walowekwe tena. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo kwa ajili ya ladha tu.

Hata hivyo kama ningepewa dakika moja redioni kabla ya sikukuu, nisingezungumzia chakula kabisa. Ningezungumzia vidonge.

Nenda kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, tarehe 20 Desemba alfajiri, uangalie mizigo inayopakiwa kwenye mabasi ya Moshi, Rombo na Arusha. Ndoo za mafuta ya kula, mifuko ya mchele wa Mbeya, sukari kilo tano tano, soda za makreti, vitenge vya mama. Mtu amepanga kila kitu kuanzia Oktoba. Dawa yake ya presha iko kwenye droo nyumbani kwake Kimara. Atakaa kijijini wiki mbili, mbege, ile pombe ya ndizi, na ndafu zikiwepo, baridi ya mlimani na mabishano ya mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, nayo yakiwepo, na wiki mbili zote hizo presha inatembea bila mlinzi. Hiyo ndiyo hatari ya Krismasi ya kweli. Ndafu ni ziada.

Kuacha dawa kwetu kuna mizizi mirefu. Tumelelewa na malaria: unaumwa, unapewa dozi, unaimaliza, umepona. Mtu anapewa vidonge vya mwezi mmoja vya amlodipini au losartani, anavimeza, anapima anakuta 125 kwa 80, anafurahi na kuachana navyo, kwa sababu dozi imeisha. Namba ile ni nzuri kwa kuwa kidonge kiko kazini. Kikiondoka, inarudi ilikokuwa, na mara nyingi inarudi bila kumwuma popote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria 2021 kwamba watu wazima wa kati ya miaka 30 na 79 wenye presha ni bilioni 1.28 na karibu nusu yao hawajijui. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Fikiria basi moja la watu sitini linaloelekea Rombo, upige hesabu mwenyewe.

Ramadhani nayo ina namna yake. Kuna anayeacha dawa mwezi mzima kwa kuwa zilikuwa za asubuhi, na asubuhi amefunga. Dawa nyingi za presha za siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa futari au daku bila tabu, ila zile za kukojoza zinahitaji kupangwa kwa uangalifu, na mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu au aliyepata shambulio karibuni ana hukumu yake tofauti. Hayo ni mazungumzo ya Shaaban, mbele ya daktari. Akiyaanzisha Ramadhani kumi na tano, mwezi umeshapita nusu bila dawa.

Turudi kwa ile saa 4 usiku. Mzee amekula nyama, amekunywa kidogo, watoto na wajukuu wamejaa sebuleni. Kifua kinambana, jasho linamtoka, mkono wa kushoto unauma. Nani atasema twende hospitali? "Ni gesi hiyo, nyama ilikuwa na mafuta. Mpeni maji ya moto na limao." Anapewa limao. Baadaye anapewa magadi. Mwenyewe naye hataki kuharibu shughuli, na dereva kalewa. Watafiti wa Marekani walitaja kuchelewa kwenda hospitali kuwa mojawapo ya sababu zinazoweza kueleza vifo vya Krismasi, na hao ni watu wenye gari la wagonjwa linalokuja kwa simu. Kwetu, familia iliyokutana haina budi kujua kabla ya kuchinja: hospitali ya karibu yenye zamu ni ipi, na nani usiku huo hanywi kwa kuwa ndiye mwenye funguo za gari. Kifua kinachobana dakika kadhaa na jasho la baridi si gesi mpaka daktari aseme ni gesi. Uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi, na mganga wa kumtoa jini atasubiri.

Hapo ndipo naiona sikukuu kwa jicho tofauti kabisa na la redio. Hakuna siku nyingine katika mwaka ambapo baba, mama, shangazi na wajomba wa ukoo mzima wanakaa veranda moja. Badala ya sukari kilo tano kwa mama mwenye kisukari, mtu abebe mashine ya kupimia presha, ile ya mkononi, ya kufunga kwenye mkono wa juu. Ila apime kwa adabu yake. Mzee akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haikupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na hajanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Na anyamaze. Hili la kunyamaza ndilo gumu, maana akipimwa shangazi, watu wanacheka, naye anajibu, na mashine inaandika 165 ambayo si yake. Pima mara mbili, andika. Ikija 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, aende zahanati, asipewe kidonge cha jirani.

Mazoezi nayapitia haraka kwa kuwa yameshasemwa sana. Tangu mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Watanzania tulihimizwa kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Nia njema, fulana nzuri, lakini mara moja kwa mwezi ni sikukuu nyingine. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, waliopimwa na watafiti kwa vifaa vya mwilini, hupata zaidi ya saa mbili kwa siku za mwendo wa kutoa jasho, na presha kwao ni adimu. Hawana Jumamosi ya pili. Kuhusu kula, Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Muhimbili kabla ya kuchaguliwa 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alitaniwa mtandaoni kwa kuwagusa watu kwenye sahani ya wali. Yalikuwa matani, lakini nchi nzima ilizungumza juu ya sahani kwa muda mrefu kuliko kampeni yoyote niliyoiona.

Ninachomdai yeye na wakuu wa wizara ya afya ni chumvi. Kumwambia kila mmoja wetu apunguze mkono ni sawa, nami nimetoka kusema hivyo, lakini mikono milioni sitini haibadiliki kwa tangazo. Afrika Kusini ilitunga kanuni 2013, zikaanza kutumika 2016, kuweka ukomo wa chumvi kwenye mkate na vyakula vya viwandani. Kwetu kanuni ya namna hiyo ingegusa mkate na unga wa mchuzi, ni hatua, lakini chumvi yetu nyingi inatoka kwenye kopo la mama ntilie na kichupa cha msumari, si kiwandani. Hali hiyo inafanana zaidi na vijiji vya China, ambako utafiti uliotolewa 2021 uliwahusisha watu karibu 21,000 kwenye vijiji 600, wote wakiwa wamewahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloraidi ya potasiamu. Watu waliendelea kupika na kunyunyiza kama walivyozoea, na viharusi vikapungua kwa asilimia 14. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chumvi ya aina hiyo kwa matumizi ya nyumbani.

Serikali yetu ilishawahi kuingiza mkono kwenye chumvi ya kila nyumba. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania iliagiza kwa kanuni kwamba chumvi ya kuliwa itiwe madini joto kwa sababu ya rovu, na mama aliyekuwa akinunua pakiti dukani hakuhitaji semina. Tofauti ni kwamba madini joto hayakuhitaji tahadhari kubwa, na potasiamu inaihitaji: mwenye figo zilizochoka, au anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, inaweza kumvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo chumvi hiyo haiwezi kumwagwa sokoni bila onyo la Kiswahili linalosomeka kwenye pakiti, wala bila zahanati za wilayani kuwa na kipimo cha figo. La kwanza ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na la pili ni la bajeti ya wizara.